Mbwa Mweusi Saa Saba Mchana

Ukitaka kujua kama mtu anajua kupiga picha, mpe mbwa mweusi saa saba mchana kwenye mchanga wa Kakuma. Harusi ni rahisi. Bibi harusi anatulia, anajua yuko pichani, na akifumba macho unamwambia "tena." Mbwa haambiwi tena. Halafu mweusi ana lake, kwa sababu kamera haioni kama jicho linavyoona. Kamera inapima mwanga wote ulio mbele yake na inataka jumla yake itoke kijivu, katikati ya nyeupe na nyeusi. Mchanga wetu unang'aa kama bati jipya, kwa hiyo kamera inashtuka, inapunguza mwanga, na mbwa anabaki kivuli chenye masikio. Macho huyaoni, pua huioni. Ukimsogelea mpaka ajae picha nzima, inafanya kinyume: inaona giza tupu, inaongeza mwanga, na mbwa mweusi anatoka kijivu kama amelala jivuni. Mbwa mweupe naye, hesabu ileile inamchafua.

Dawa iko kwenye simu karibu zote, hata hizi Itel na Tecno zetu zenye kioo kilichopasuka. Gusa uso wa mbwa kwenye kioo, kitatokea kialama kama jua. Kivute juu au chini mpaka uone manyoya. Mimi naangalia jicho tu. Jicho likiwa na kitone cha mwanga ndani yake, picha ipo. Jicho likiwa limezimika, hata mbwa awe mzuri namna gani, umepiga picha ya ngozi.

Na kabla ya yote, futa lenzi. Hapa vumbi linaingia hadi kwenye mkate. Nusu ya picha ambazo watu wananiletea wakisema simu yao ni mbaya, simu haina neno, ni vumbi na mafuta ya vidole.

Lakini dawa kubwa ni kuiacha hiyo saa saba yenyewe. Mwanga wa hapa una saa zake: asubuhi, jua likishachomoza hadi saa mbili hivi, halafu jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka lizame. Jua likiwa chini linapita pembeni, linaingia jichoni, linachora kila unywele. Mwenye mbwa akisema hana nafasi ila mchana, namtafutia ukuta wenye kivuli, mbwa anakaa ndani ya kivuli karibu na ukingo wake, uso ukitazama nje kwenye mwanga. Mchanga ulio mbele yake unarudisha jua juu, chini ya kidevu. Wenye studio kubwa wananunua vitambaa vyeupe vya kufanya kazi hiyo. Sisi tumepewa jangwa zima bure.

Watu wananiuliza: nani analipa hela ya picha ya mbwa huku kambini, na chakula chenyewe kinapunguzwa? Wanalipa. Kazi yangu ya kila siku ni paspoti, ubatizo, harusi, mahafali. Mbwa walianza kuja wenyewe, polepole, na walioleta wengi wao ni watu wanaosafiri. Familia ikishaitwa, ikishapimwa, ikishapata tarehe ya ndege, inaanza kugawa vitu. Godoro linakwenda kwa jirani, sufuria kwa shemeji, kuku wanaliwa. Mbwa anabaki katikati ya uwanja akiangalia. Kwenye fomu kuna mstari wa mke, wa watoto, wa wazazi. Mbwa hana mstari. Njo maana baba wa familia anakuja jioni, anazunguka zunguka kwanza, anaulizia bei ya paspoti ambayo anaijua, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Fotografu, tuko na imbwa. Hatutamubeba. Utupigie foto muzuri, watoto wabebe."

Kwetu Kivu ya Kusini mbwa ni imbwa, na mara nyingi jina lake ni ujumbe. Mtu amegombana na jirani, hawezi kumtukana usoni, basi anamwita mbwa wake Wivu, na kila jioni anapaza sauti: "Wivu, toka hapa!" Nimewapiga picha Wivu watatu. Nimempiga Siku-Moja, na Mutaongea, na mmoja wa Warundi jina lake refu sana sikuweza kuliandika nyuma ya picha. Wasudani Kusini wana mbwa, Warundi wanao, Waturkana ndio usiseme, mbwa na mbuzi na watoto ni kundi moja. Majirani zetu Wasomali wengi hawawafugi, na sababu yao ni ya dini. Kwa madhehebu yao mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Kwa hiyo sipigi picha za mbwa kwenye njia ya msikiti wala karibu na wanaotawadha. Ni adabu tu. Lakini kuna kijana mmoja wa Kisomali, wa duka, kila nikipita ananiambia, "Kaka, nionyeshe wale watoto wadogo." Anasimama mbali na mbwa wenyewe, ila picha zake anazipitia moja moja, anacheka peke yake. Picha hailambi mtu.

Sasa niseme lile ambalo hakuna kitabu kilinifundisha. Kila anayejua kazi hii atakwambia ushuke. Picha ya mbwa inapigwa usawa wa macho ya mbwa, tumbo chini, goti chini, kamera karibu na ardhi. Ni kweli tupu. Elliott Erwitt, ambaye labda ndiye aliyewapiga mbwa picha maarufu kuliko mtu yeyote, aliifanya kazi hiyo miaka na miaka. Mwaka 1974 huko New York alipiga picha ambayo bado inazunguka dunia: kijibwa kidogo cha chihuahua kimevaa kofia ya kufumwa, pembeni yake viatu vya mwanamke, na pembeni tena miguu miwili mirefu ya mbele ya mbwa mkubwa kabisa. Kichwa cha mwanamke hakimo. Kichwa cha mbwa mkubwa hakimo. Kimebaki kile kidogo na uso wake, kana kwamba dunia yote imekatwa kwa kipimo chake. Inachekesha, halafu ukiitazama muda inaacha kuchekesha. Erwitt alizaliwa Paris mwaka 1928, wazazi Warusi, akakulia Milan, na mwaka 1939 familia ikakimbilia Marekani. Alikuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja, bila kiingereza. Nikisoma hivyo nilielewa kidogo kwa nini aliona viatu kabla ya kuona vichwa.

Basi, shuka. Lakini jaribu kushuka mbele ya mbwa wa kambi. Ukiinama tu, amekwisha kukimbia. Kwa nini? Kwa sababu hapa mtu anayeinama anaokota jiwe. Mbwa wetu wamejifunza hivyo tangu wadogo; mkono ukielekea chini, wao hawasubiri kuona unarudi na nini. Mbwa wa Ulaya anapigiwa goti, anafikiri unataka kumkumbatia. Wa kwetu anahesabu umbali. Mabingwa wote wanasema "inama," na mbwa wote wanajua maana ya kuinama.

Kwa hiyo mimi nakaa kwanza. Nafika kabla, nakaa chini kwenye kipande cha katoni (mchanga unachoma, usijidanganye), ndipo mwenyewe anamleta mbwa au mbwa anakuja kwa hiari yake. Akinikuta tayari niko chini, hakuna mwendo wa jiwe. Mikono yote miwili iwe mbele, ionekane. Simtazami machoni, mbwa asiyekujua akitazamwa moja kwa moja anaona ugomvi. Nageuza bega, naongea na mwenyewe habari za mahindi na mambo mengine. Dakika kumi, kumi na tano. Atakuja kunusa viatu, kisha begi, kisha kamera. Acha ainuse. Akishainusa, kamera imekuwa kitu cha pale nyumbani kama karai. Watu wanapita wanasema, "Fotografu amechanganyikiwa, amekaa na mbwa." Sawa.

Na ujifunze kusoma mwili wake. Mbwa akipiga miayo wakati hana usingizi, akijilamba pua kila mara, akigeuza kichwa lakini macho yamebaki kwako mpaka weupe unaonekana, mkia umeingia chini ya tumbo, huyo anakwambia basi. Pumzika. Picha ya mbwa mwenye hofu inaonekana hata kwa asiyejua mbwa, mtu ataiangalia na kusema, "Hii picha ina nini?" bila kujua ina nini.

Kuna jambo linalonikaa hapa, na nitalisema kwa uangalifu maana sitaki mtu aelewe vibaya. Naongelea pembe ya kamera, sio kulinganisha watu na wanyama. Tangu mwaka 1992 kambi hii ianze, wageni wamepiga picha nyingi sana hapa. Nyingi zimepigwa na mtu aliyesimama, mrefu, anayetazama chini, na mtoto anatazama juu. Ukimpiga mtu yeyote hivyo, macho yake yanakuwa makubwa, mwili unakuwa mdogo, shingo inapinda, na moja kwa moja anaonekana anaomba. Hata kama dakika ile alikuwa anauliza saa ngapi. Mbwa ni hivyohivyo. Ukimpiga ukiwa umesimama, amekuwa ombaomba. Ukishuka usawa wake, ana kifua, ana ua nyuma yake anaoulinda, ana kazi. Mwenye mbwa akiiona hiyo picha anasema, "Eeh, huyo ndiye yeye." Sijawahi kusikia mtu akisema hivyo kwa picha ya kutoka juu.

Mambo ya ufundi yaliyobaki nitayapitia haraka. Usitumie flashi: nyuma ya jicho la mbwa kuna tabaka linalorudisha mwanga ili aone usiku, kwa hiyo flashi inamfanya awe na taa mbili za kijani usoni. Usimkaribie sana na simu, pua itakuwa kubwa kama ya punda. Rudi hatua mbili, vuta zumu kidogo. Ile modi ya simu inayotia ukungu nyuma inakata masikio na sharubu, izime. Mbwa anayekimbia anataka kasi. Kwenye kamera yangu ya mkono wa pili naweka 1/500 kwenda juu, kwenye simu shikilia kitufe itoe picha mfululizo, kisha uchague moja ufute zingine, kumbukumbu ya simu sio ghala. Angalia nyuma yake: ua wa mathenge ni mzuri, kamba ya nguo si nzuri, hasa kama ni nguo za ndani za mke wa mteja.

Kumfanya atazame ni sanaa ya mara tatu. Chupa tupu ya maji ukiiminya, masikio yanasimama. Mara ya pili yanasimama nusu. Mara ya tatu amekuzoea. Kwa hiyo usibonyeze chupa mpaka kila kitu kiko tayari. Erwitt yeye alikuwa anawabwekea. Nimejaribu, inafanya kazi, lakini uwe na moyo wa kuchekwa na mtaa mzima. Ukitumia kitu cha kuona, kiwe cha bluu au njano. Mbwa anaziona hizo rangi vizuri, nyekundu kwake ni giza giza. Mimi natumia mfuniko wa njano wa jerikeni.

Watoto wa mbwa ni kazi nyingine kabisa. Wanazaliwa macho yamefungwa na masikio yamefungwa. Macho yanafunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio yanafuata. Kabla ya hapo waache na mama yao, hakuna picha pale, ni viazi vinavyopumua. Wiki ya nne hadi ya saba ndiyo yenyewe. Wana meno, wana miguu, hawana akili. Lakini huwezi kuwapiga sita kwa pamoja wakiwa macho. Haiwezekani. Mmoja anaondoka, wawili wanapigana, mmoja anakojolea katoni yako. Naweka karai lenye kitenge cha zamani, nawaacha wanyonye washibe, wakilala wanalala wote kama mtu amezima swichi, mmoja juu ya mwingine. Hapo una nusu saa. Kisha mmoja ataamka kabla ya wenzake, atoe kichwa kwenye ukingo wa karai, na hiyo ndiyo picha. Mtangulie, kamera iwe tayari inamngoja kwenye huo ukingo.

Mama yao awepo na awe anamwona mwenyewe karibu. Mbwa jike mwenye watoto hana urafiki wa fotografu.

Na niseme hili kwa vijana wanaonifuata wanataka kujifunza: kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Uking'atwa, hata kakidonda kadogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa ataugua. Kingine, Turkana hii imejulikana miaka mingi kwa minyoo ya mbwa inayomwotea mtu uvimbe wa maji kwenye ini. Mayai yake yanatoka kwenye kinyesi cha mbwa, yanashika manyoya, yanafika mkononi, halafu mdomoni. Mimi namshika mbwa, nampenda, na sili kitu mpaka ninawe kwa sabuni.

Mwaka 2024 kabla ya Krismasi ilikuja familia moja, watu wa Fizi, wazazi na watoto wanne. Tarehe yao ya ndege ilikuwa mwisho wa Januari 2025. Mbwa wao jina lake Watasema, mweusi, kifuani ana doa jeupe kama amemwagikiwa maziwa. Tulipiga jioni mbili, maana ya kwanza upepo ulikuwa mbaya. Ya pili alikaa kwenye mlango wa nyumba yao ya udongo, jua limepita pembeni, doa linang'aa, jicho lina kitone chake. Naisema bila aibu: ni picha nzuri. Nikaprinti kubwa, mama akaifunga ndani ya shuka katikati ya nguo za watoto. Nyumba wakaiachia jirani. Mbwa wakampa familia moja ya Kiturkana ng'ambo ya laga, watu wenye mbuzi. Mtoto wa tatu, msichana, ndiye alimpeleka kwa kamba.

Januari ndege zikafutwa. Ninyi mnaosoma hapa wengi mnajua, wengine ilikuwa ninyi. Walirudi mtaani na mabegi yaleyale, jirani akawaachia chumba kimoja, na mama akaitundika ile picha ukutani kwa sababu hakuna kingine cha kutundika. Sasa fikiria: mbwa yuko ukutani, na yeye mwenyewe yuko mwendo wa nusu saa, mzima, anachunga mbuzi, na ameshapewa jina lingine la Kiturkana.

Msichana alikwenda kumwona wiki ya kwanza. Watasema alimjua, akalia, akamfuata mpaka katikati ya laga. Pale akasimama. Akamwangalia msichana, akaangalia nyuma kwa mbuzi, akarudi. Baba aliniambia haya akiwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa unakuna ukuta. Alitaka kwenda kumwomba mbwa wake. Mama akakataa: "Kitu ulishapana, utakirudilia namna gani? Na kesho ndege ikiita tena, utamupana mara ya pili?" Kwa hiyo yeye bado anaiweka tarehe kichwani, na baba ameshaanza kufyatua matofali. Hawajakubaliana. Mimi nilikaa pale na kikombe cha chai, sikuwa na la kusema, kila mmoja alikuwa na haki.

Mwezi wa nne wakaniita. Yule msichana alikuwa amepata wazo, na mzee wa Kiturkana alikuwa amekubali: picha ya wote, familia zote mbili, na mbwa. Nikasema bei yangu ni ileile ila nakala ziwe mbili. Tukavuka laga saa kumi na moja jioni. Nikatandika katoni yangu, nikakaa, nikangoja. Mbwa alikuja kunusa viatu, kisha begi, kisha kamera, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Amenenepa. Ana kovu jipya sikioni.

Kumpanga ikawa shida. Msichana alimwita Watasema, mtoto wa pale akamwita kwa jina lake la sasa, na mbwa akageuza kichwa huku na huku, kila picha inatoka na vichwa viwili. Baba akasema wanyamaze wote. Wakanyamaza. Nikaiminya chupa mara moja, masikio yakasimama, na nilipotaka kubonyeza, yule mama wa Kiturkana akainua mkono. "Ngoja, fotografu. Mbuzi pia."

Mbuzi wakaletwa, kama kumi na tano hivi. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya mathenge, na mbuzi, jamani, hawajui chupa wala mfuniko wa njano.